Saini ya Fanuza na Viti vya Helikopta

Umetimia mwaka, Fanuza, tangu tulipokuzika mlimani juu ya mto Kama, ardhi ikiwa ngumu kwa barafu hata wachimbaji wakaiwashia moto kwanza ili sururu ziingie. Siku ile imamu aliuliza kama kuna anayetaka kusema neno, sisi wa nyumbani kwako tukaangalia viatu vyetu. Leo tunasema, tena gazetini.

Ulikuwa mtu wa mizani. Kwa miaka ishirini na miwili ulipima kiwandani kila kitu kilichoingia katika helikopta za kubeba askari: bawaba, nyaya, hata rangi. Siku ya kupima helikopta nzima ulifunga milango yote ya karakana ili upepo usiichezee mizani, na aliyefungua, mkubwa au mdogo, alisikia, "Funga! Umezaliwa hemani?" Sokoni, wauza matunda ya cheri wakikuona kwa mbali walianza kuongeza wenyewe. "Kilo yako hii, mwanangu, ni gramu mia nane," ulikuwa ukiwaambia, na mfuko umeushika tu mkononi. Nyumbani ulipokata pai ya viazi na nyama, hakuna aliyelilia kipande cha mwenzake. Kilichozidi ulikizidisha makusudi, kikaenda kwa mgonjwa.

Vuli ya mwaka 1984 helikopta mpya ilizidi uzito ulioahidiwa kwa kilo mia moja na themanini, na kamati kutoka Moscow ilikuwa njiani. Mhandisi mkuu, Pavel Rodionovich, akapata dawa. Viti vyenye miguu inayojikunja, vile vinavyopokea kishindo ili mgongo wa askari usikipokee, ving'olewe, yafungwe mabenchi ya turubai. Ila kwenye karatasi ya uzito, ile unayoitia saini wewe, viti viendelee kuwapo.

"Fanuza Sharafievna, ni kwa ajili ya kamati tu," alikuambia. "Baadaye tutavirudisha."

"Basi na mimi nitatia saini baadaye."

Ulikuja nyumbani ukatusimulia huku unacheka. Sisi hatukucheka. Tulikuwa watu watano katika vyumba viwili, jiko tukilichangia na majirani, na jina letu lilikuwa la tatu katika orodha ya nyumba za kiwanda. Orodha hiyo ilikaa kwenye droo ya Pavel Rodionovich.

"Apa, dada yangu," alisema mdogo wako Farkhinur, "karatasi haina mgongo. Tia saini tuhame."

"Watakaokalia hayo mabenchi wanao huo mgongo."

"Na mimi je? Wangu wa chuma? Mwaka wa sita huu nalala sakafuni na wanao!"

Mumeo Mansur, mchomeleaji wa kiwanda hichohicho, alifanya baya zaidi. Hakugombana nawe. Alinyamaza. Siku tisa alikupita jikoni kama anayepita ukuta, na watoto wakamwiga baba yao. Siku ya kumi ulirudi kutoka kazini, ukavua kitambaa cha kichwa, ukasema, "Fungeni mizigo." Tulikurukia shingoni kwa furaha. Hukuinua mikono.

Desemba tukahamia ghorofa ya nne, vyumba vitatu, maji ya moto bombani. Viti havikurudishwa.

Kiangazi kilichofuata, mazoezini, moja ya helikopta zile ilitua vibaya. Haikuanguka. Ilishuka kwa kishindo tu, kama mtu aliyekosea ngazi, na juma lililofuata iliruka tena. Lakini vijana tisa waliokuwa kwenye turubai walivunjika migongo, hawakusimama tena. Mmoja wao alikuwa Airat, mwana wa Zemfira wa duka la mkate, mtaani kwetu.

Ulimwendea Zemfira dukani mchana, watu wamepanga foleni.

"Zemfira, saini ni yangu."

Alikuwa ameshika mkate. Akauweka mbele yako. "Chukua," akasema. "Halafu usirudi tena hapa."

Ukaandika barua Moscow. Tume ikaja, ikakuuliza nani alikushurutisha, naye Pavel Rodionovich amekaa pale anafuta miwani. Ulimtaja kwa tarehe na saa.

"Na nyumbani? Mumeo alijua?"

"Nyumbani kwangu hata mizani hawajui kuisoma."

Huo ulikuwa uongo wako wa pili maishani, baada ya ile saini, na wote wawili ulikuwa kwa ajili yetu.

Viti vikarudishwa. Injini ikaongezwa nguvu ili ibebe uzito wake, na helikopta zote zilizofuata zikatoka navyo. Nishani ya viti hivyo alivishwa Pavel Rodionovich. Wewe ulifukuzwa, ukafagia ngazi za shule hadi uzeeni. Nyumba hatukunyang'anywa, maana sisi hatukujua kitu. Wewe ndiwe uliyesema hivyo. Kila Alhamisi ulimpelekea Airat supu ya tambi, ukaiacha mlangoni. Sufuria ilirudi imeoshwa. Neno halikurudi. Nasi wageni walipouliza kulikoni, tulijibu, "Alikosea kazini," tukawaongezea chai.

Basi ijulikane. Fanuza hakukosea. Tulimsukuma.

Juma lililopita tulimpelekea Zemfira karatasi hii kabla haijafika gazetini, tukamwomba ruhusa ya kuweka jina lake kati ya wanaokukumbuka. Alisoma yote, polepole, kidole kikifuata mstari.

"Yeye alikiri akiwa bado na kazi yake, akiwa na cha kupoteza," akatuambia. "Ninyi mmengoja afe. Jina langu msiliweke karibu na yenu."

Kwa hiyo halimo katika orodha hii.

Tunaokukumbuka ni mumeo Mansur. Mdogo wako Farkhinur. Wanao Ilgizar na Ilsuyar. Wajukuu wako watano hawamo katika lawama hii. Wao wanakupenda tu, na wamejua habari hii kwa kuisoma hapa.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Fanuza. Isihesabiwe kuwa fadhila yetu.