Kitasa cha Kompyuta ya Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika kaka zangu wanne, mke wangu, fundi aliyenifundisha vitasa, na daktari aliyesema sitafika sitini. Kipindupindu kilipita mtaani kikaniacha nimesimama. Na leo mkwe wangu ananifundisha kuogopa kompyuta!

Kabandika karatasi ukutani, juu ya meza ya binti yangu. Herufi kubwakubwa, kama mimi ni wa chekechea. Usifungue barua ya usiyemjua. Usimpe mtu namba za siri. Ukiona kitu chekundu, zima, niite. Halafu katia mlinzi mle ndani – programu, anasema, inakamata virusi mlangoni. Nikamuuliza, huyo mlinzi anakula nini? Binti alicheka mpaka akashika ubavu. Mkwe hakucheka. Akasema, "Baba, mle mna kazi za watu."

Zimo kweli. Binti anachapa na kupanga vitabu vya watu. Cha muuguzi mmoja mstaafu kamaliza nacho miaka miwili.

Lakini mimi! Miaka hamsini natia vitasa, hakuna mwizi aliyevunja mlango niliofunga. Niandikiwe karatasi!

Jumanne, 4 Machi

Binti alikwenda kwa mteja. Mkwe kazini, anaendesha gari la kusambaza mikate. Mimi na kompyuta, nacheza karata. Saa nne hivi – kioo chekundu! Kelele kama gari la zimamoto. Maandishi: kompyuta yako imeingiwa na virusi, usizime, piga namba hii.

Karatasi inasema zima. Kioo kinasema usizime. Nimwite mkwe aone nimeshindwa? Thubutu!

Nikapima kwa akili. Mwizi gani anakupa namba yake ya simu? Nikapiga.

Kijana mwenye adabu! Shikamoo, mzee wangu. Marahaba. Akauliza kazi yangu ya zamani, nikamwambia. Akasema basi tutaelewana, fundi kwa fundi. Mlinzi aliyemo ni mbovu, yeye ataleta mwingine, ila huyu wa zamani atoke kwanza.

Hapo nikajua huyu anajua kazi. Kitasa kipya hakitiwi juu ya cha zamani. Unang'oa, mlango unabaki na tundu kidogo, ndipo unatia. Kanibofyisha hapa, kanibofyisha pale, akanisomesha namba fulani, nikamsomea. Mlinzi wa mkwe nikamng'oa kwa mkono wangu huu. Kisha mshale ukaanza kutembea wenyewe kwenye kioo, mimi nimekunja mikono. Raha! Nusu saa tu, wekundu umekwisha.

Mkwe karudi, kaiona karatasi yake ipo palepale, karidhika. Nilitabasamu tu.

Jumatano, 5 Machi

Faili hazifunguki. Hata moja! Kila kitabu kimegeuka jina la ajabu, na katikati ya kioo tangazo: lipeni, tuwape ufunguo.

Binti kakaa sakafuni. Nakala alikuwa nayo, kwenye fleshi. Fleshi ilichomekwa humohumo kwenye kompyuta. Nayo imefungwa.

Nimeingia chooni na simu. Nimepiga ile namba mara saba. Haipatikani.

Alhamisi, 6 Machi

Wamegombana mbele yangu. Hawajawahi.

Binti: ni hizo video zako za mpira unazopakua Jumapili! Mkwe: naapa sijazigusa tangu nitie mlinzi. Binti: na mlinzi mbona hayumo, katolewa na nani? Nani mwingine humu anajua alipo? Macho ya mkwe yakaelekea kwangu kidogo tu. Binti akayaona. Akawaka. "Usimtazame Baba! Baba hata kuwasha feni anaita mtu!"

Uongo mtupu! Feni naiwasha mwenyewe. Nikafungua mdomo nitetee heshima yangu – nikaufunga.

Baadaye mkwe kaniletea chai, kama kawaida yake. Kaniwekea sukari vijiko vitatu, bila kuuliza. Nimeiacha mezani ikapoa.

Ijumaa, 7 Machi

Muuguzi kapiga simu kuulizia kitabu. Binti kamwambia kinakaribia. Akakata simu, akaiweka kifudifudi.

Nimezima taa mapema.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika upesi. Niko chumbani, nimesema nafuata miwani. Miwani ninayo usoni.

Fundi wa kompyuta kaja. Mama mmoja mnene, mkali, mkoba kama wa mkunga. La kwanza kachomoa waya wa mtandao. La pili kasema msilipe, mwizi hana risiti. La tatu kaishika fleshi, kamwambia binti, mwanangu, nakala hailali nyumba moja na mali yenyewe. Kitabu cha muuguzi huenda akakipata nusu, huenda asikipate. Hajui.

Kisha kasoma mle ndani. Mlinzi katolewa Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Na hakuvunjwa, kasema. Kuna mtu kafungua mlango akamkaribisha mwizi. Nani alikuwa hapa?

Binti kamgeukia mumewe. Jumanne si ndiyo ulipita nyumbani kuchukua koti? Mkwe: nilipita saa mbili! Binti: nani alikuona? Hakuna aliyemuona, nilikuwa bafuni. Yule fundi kaniangalia mimi. Mtu wa kazi anamjua mtu wa kazi. Ndipo nikakumbuka miwani.

Mkwe ana begi sebuleni. Anakwenda kwa dada yake mpaka hasira zipoe. Miaka kumi na mmoja katika nyumba hii, hajanijibu vibaya hata siku moja. Nasikia zipu. Nasikia binti anavuta kamasi na hataki asikike.

Mlango huo hapo, naogopa kuufungua. Mimi! Niliyesimama mbele ya wezi na mapanga yao!

Binti anaita, Baba, umeipata?

Wanaojua kwamba mkwe hana kosa ni wawili tu, yule kijana wa shikamoo na mimi. Kijana hapatikani.