Maana ya Maji Baridi

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Unisamehe kwa kimya kirefu; sikuugua, nilikuwa mvivu tu. Hapa mtaani kwetu Tangini tu wazima, na shangazi yako amefungua genge la mboga.

Umeniuliza kwa nini namkatalia babu yako kuuza tangi la maji ya mvua, ilhali bomba limeshafika.

Nilipoolewa Kisarawe nikitokea bara, mama mkwe aliniambia, "Maharage uyapike kwa maji baridi." Nikachota ya kisima, yaliyopoa mtungini. Nilichemsha hadi alasiri, maharage yakabaki kama kokoto, na wageni walikuwa wameshakaa mkekani. Mama mkwe akacheka. "Mwalimu mzima! Maji baridi ni yasiyo na chumvi, mwanangu. Ya mvua!" Mimi, niliyezoea kusahihisha Kiswahili cha kila mtu, nilichukua ndoo nikaenda kuchota ya mvua. Tangu siku hiyo huyaonja maji kwanza.

Haya ya bomba yameacha ukoko mweupe wa chumvi birikani, lakini babu yako anasema hayana kasoro. Jumapili tutapika sufuria mbili za maharage, moja kwa maji ya bomba, nyingine kwa ya mvua. Huenda nikashindwa. Tukishaamua, nitakuandikia, hata kama aliyeshindwa ni mimi.

Bibi yako