Suruali ya Njano

Ndugu yangu, kwa masikitiko makubwa natangaza: nimeshinda vita.

Tulikuwa na wenzetu kwa rafiki yangu wa bwenini, tunayemwita Jemadari, tunapigana vita vya Napoleoni mezani kwa vile viaskari vyake vidogo. Wote suruali nyeupe. Mmoja nilimpaka njano mapajani kwa siri. Mzaha tu! Jemadari na mimi ndio tungeelewa.

Baba yake akaingia, akamwokota. "Huyu vipi, amejikojolea?"

Akamgeuza kwenye mwanga.

Halafu BABA YAKE MZAZI akacheka. "Kumbe kikojozi wangu mmemchongea sanamu!"

Baba yake! Meza nzima ikaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jemadari alimchukua yule askari, akamsogeza peke yake mbele ya mizinga yangu yote. "Zamu yako. Piga."

Nikarusha dadu. Sita.

Akaniwekea yule askari kiganjani, taratibu kabisa. "Maiti wako huyo. Bweni zima, nilikuambia wewe peke yako."

Sasa niko barabarani, ninaye mfukoni. Nimemkwangua kwa kucha, rangi haitoki. Nilimpaka mara mbili, ili ionekane vizuri.