Mchungwa Wako Umeungua na Baridi

Baba,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila shikamoo.

Mchungwa wako umeungua na baridi. Nalitanguliza hili kwa sababu ungekuwa hai ungeuliza habari za mti kabla ya kutuuliza sisi.

Tulikuzika kipupwe kinaanza. Siku zote za matanga hakuna aliyeingia shambani, kama desturi ilivyo. Watu walikaa uani, wakaimba, wakala, na hakuna aliyekumbuka kulifunga shina kwa majani makavu ya migomba kama ulivyofanya kila mwaka. Asubuhi ya kuanua matanga nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, na majani ya mchungwa yamejikunja, meusi. Tulikuwa tunakuheshimu wewe, Baba, na heshima hiyo ndiyo iliyouunguza mti wako. Inaniuma hadi leo.

Nakumbuka ulivyorudi nao kutoka Momela, umeuficha ndani ya koti, yule Mzungu uliyemfanyia kazi ya bustani alipochoka na michungwa yake chotara. Majirani walicheka. Machungwa ni ya Tanga, walisema, huku karibu na msitu ni kahawa na ndizi tu. Hata Bwana Shamba alitikisa kichwa. Wewe uliinama, ukanionyesha pale mti ulipobebeshwa juu ya shina la mwingine, lile fundo juu kidogo ya udongo: chini ni ule wa miiba usiojali baridi, ambao matunda yake hata mbuzi anayaacha, juu ni mchungwa wenyewe. "Ukiona majani matatu matatu, ni ya huo wa chini, kata. Usiuonee huruma." Mti ulipozaa, ulimpelekea Mchungaji chungwa. Alikunja uso kwa uchachu, kisha akaomba jingine. Ulitembea kifua mbele wiki nzima.

Sasa sikia. Mvua za vuli ziliponyesha, machipukizi yalitoka chini ya shina, marefu, yamenona. Mama alifurahi mno. "Baba yenu hajaondoka," alisema. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tangu tukuzike. Kila asubuhi anaumwagilia mti maji ya kuoshea vyombo, anausimulia habari za nyumbani. Nami nilipochuchumaa kuangalia, nikaona miiba na majani matatu matatu.

Nilikwangua gome kwa ukucha kuanzia juu. Pakavu, pakavu, pakavu. Juu tu ya fundo nikakuta ubichi, na kichomozo kimoja kidogo kama punje ya ulezi. Mchungwa wako umebaki hapo tu, Baba. Yale ya miiba yakiachwa, yatanyonya kila kitu na hicho kitakufa.

Nilimweleza Mama polepole. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Niachie, mwanangu. Hata kama ni miiba, ni mibichi." Nililala nikiwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani, yeye, au wewe uliyeniachia kazi hii.

Leo asubuhi nimeyakata yote, pamoja na sehemu kavu ya juu. Mama alisimama mlangoni pa jikoni, mikono kichwani, kama siku ile tulipokutoa nyumbani. Mchana alinipakulia ndizi, akaniwekea sahani mbele yangu, akatoka. Hajasema nami neno tangu hapo. Shina limebaki kisiki cheusi, na ukikitazama huwezi kuamini kwamba kuna kitu hai ndani yake. Naogopa, Baba. Pengine nimemnyang'anya kilichokuwa kinamweka hai, kwa ajili ya punje ambayo huenda imeshakufa.

Pumzika. Nitakitazama kisiki kila asubuhi kabla Mama hajaamka. Kikichipua, nitamshika mkono nimpeleke akaone. Kisipochipua, ni mimi nitakayemwambia kwamba umeondoka kweli. Sitamtuma mtu.

Binti yako,
Naomi