Hedifoni za Kumsikilizia Baba

Jumanne, 5 Novemba

Muvi ya tatu leo. Mvua tangu alfajiri, mtaa wetu wa Kasingirima wote tope. Mama yuko Katonga na dagaa wake, mimi nalinda nyumba. Kulinda nyumba maana yake kulinda runinga. Kazi hiyo hakuna wa kunishinda Ujiji nzima.

Bibi kaamka vibaya. Miguu imevimba tena. Masikio ndiyo kabisa. Naongeza sauti, yeye hasikii, jirani anasikia mpaka anagonga bati. Akasema niweke sidii ya Issa.

Issa ni mwanawe. Ni baba yangu. Alikuwa mtafsiri wa muvi: Wachina wanapigana, yeye anaongea juu yao kwa Kiswahili, kibanda kizima cha video kinalia kwa kucheka. Miaka tisa imepita tangu apande boti na mzigo wa sidii kwenda kuuza Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Boti ilipatikana. Watu hawakupatikana. Mama alilia akamaliza. Bibi mpaka leo hataki kisomo cha marehemu kisomwe. Anasema hajaona mwili.

Sidii imebaki hii moja, imejaa mikwaruzo. Kwenye spika ya runinga baba anasikika kama nyuki ndani ya chupa. Bibi kaweka sikio mpaka kwenye kioo. Kisha akasema, "Nitakufa sijamsikia."

Sikupenda. Nanunua hedifoni za blututhi. Atamsikia, mimi si ndiye Sadi?

Alhamisi, 7 Novemba

Nimetoka Mwandiga na vile vidogo vya kuchomeka sikioni, na kisanduku chake. Njiani najiona bosi.

Nyumbani ndiyo nakumbuka. Runinga yetu haina blututhi. Mtaalamu mzima! Vinashika simu tu, na sidii ya baba haiingii kwenye simu. Tena kwa Bibi havikai, sikio lake limelegea, kimoja kimedondokea kwenye uji. Mama kacheka mpaka kashika ukuta. "Kidato cha pili ulichoishia kinaonekana."

Kesho kutwa naenda mjini.

Jumamosi, 9 Novemba

Duka la Dada Zuhura, Kigoma mjini. Huyu anajua kazi, nakiri. Kanibadilishia vile vidogo, nikaongeza kidogo. Kanipa na kidude cha kurushia sauti, unakichomeka kwenye tundu la runinga. Kasema mtu mzima anataka zile kubwa zinazofunika sikio lote, na nisidanganywe na besi, besi inakula maneno. Akanionya kwamba sauti inaweza kuchelewa midomo kidogo. Nikamwambia, "Dada, baba yangu hakuwahi kuuwahi mdomo wa Mchina hata siku moja." Kacheka.

Nimejaribu tatu. Ya kwanza mabomu matupu. Ya pili inabana kama deni. Ya tatu maneno safi, na inazima kelele za nje. Nilipoivaa, duka lote likafa. Watu wanachezesha midomo tu. Nikaichukua hiyo.

Nyumbani nikajaribu mwenyewe kwanza. Baba yupo! Anavuta pumzi. Kiti chake kinalia. Nyuma mtoto anakohoa, ni mimi, kipindi kile cha kifua. Nywele zilinisimama lakini kwa raha.

Halafu Wachina wakatulia, na baba akasema pembeni, mbali na maiki: "Sadi."

Nikaitika. "Naam!" Kwa nguvu kabisa.

Mama akatoka jikoni na mwiko. Nani kakuita? Nikamwonyesha hedifoni. Uso ukambadilika.

Hapa hata mtoto wa kutambaa anajua. Ukiitwa mara moja tu na usiyemwona, nyamaza. Mtu huita mara mbili. Kinachoita mara moja hakikutafuti wewe, kinataka sauti yako. Mimi najua hilo tangu sijaota meno. Lakini ukivaa vitu hivi hujui umeitwa kutoka wapi.

Jumapili, 10 Novemba

Nimerudisha mahali pale mara kumi na tano. Wachina wanatulia. Baba hasemi kitu.

Mtoto anayekohoa naye hayupo. Kiti hakilii. Palipokuwa na kiti pana maji. Si mvua. Maji yanayopiga ubao, polepole.

Nimejiambia ni mikwaruzo. Nimejiambia mara nyingi.

Jumanne, 12 Novemba

Umeme umekatika saa nane mchana. Runinga imekufa, deki imekufa, kidude kimezima taa yake. Nimekiangalia kwa macho yangu. Hedifoni zilikuwa na chaji, nikazivaa ili nisisikie mvua kwenye bati.

Maji yanapiga ubao.

"Sadi."

Nimeuma ulimi mpaka damu. Sikuitika. Nimezitupa kitandani na kukaa nje barazani, mvua inanipiga, jirani ananiuliza kama nimeoa na mke kanifungia nje. Siku nyingine ningemjibu jibu la kumlaza na viatu. Leo nikamwambia ndiyo.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Bibi kauliza hedifoni ziko wapi. Nimesema zimeharibika.

Alhamisi, 14 Novemba

Bibi hali. Jana vijiko viwili, leo hakuna. Mama kamwita daktari, kasema moyo umechoka.

Mchana kaniita nikae kitandani kwake. "Sadi, mutoto yangu, masikio yamekufa, macho bado. Umezificha kwenye gunia la mchele." Nikakosa pa kutazama. Akaniuliza nimeitwa mara ngapi. Nikanyoosha kidole kimoja. Siku mbili, kila siku mara moja. Akasema, "Weye si mama yake. Mimi ataniita vizuri."

Hapo ndipo nilipobanwa. Nikimpa, ataitwa, na Bibi ataitika hata kwa nusu ya jina. Namjua. Nisipompa, anakufa na njaa ya sauti ile, na mwongo ni mimi. Mama anasema kata shauri wewe, wewe ndiye uliyezileta. Ahsante sana mama.

Sijalala vizuri. Sina utani leo.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimempa.

Baada ya swala ya Ijumaa. Nimemkalisha na mito miwili nyuma, nimemvisha juu ya ushungi. Mimi nimeshika swichi ya ukutani, nikiona kitu tu nazima. Mama mlangoni.

Dakika za mwanzo hakufanya kitu. Kisha akacheka! Akaanza kurudia maneno ya baba kwa sauti, nusu neno nyuma yake, mkono unapiga goti. "Mwongo huyu! Ati Mchina anaulizia mgebuka wa kukaanga!" Miaka tisa sijamwona akicheka vile. Nikasahau swichi.

Halafu akatulia. Akanyanyua kidole kimoja, kama mtu anayehesabu. Mimi mkono kwenye swichi, mkono hautaki. Akanyanyua cha pili.

"Nipo, baba," akasema.

Akavua hedifoni mwenyewe, akaniwekea mapajani. Sidii ikaganda hapohapo, Mchina na teke hewani. Bibi akasema, "Mara mbili. Ni yeye." Kisha akaomba ugali.

Jumamosi, 16 Novemba

Bibi kaagiza mwenyewe: kisomo cha Issa, Jumatatu. Mama kakaa chini kwenye tope akalia upya, kama boti imezama jana.

Sidii haisomi tena. Nimeipangusa kwa shati, kwa dawa ya meno, kwa kila ujanja. Deki inaitapika.

Jumatatu, 18 Novemba

Kisomo kimesomwa. Watu wamejaa mpaka kwa jirani, naye kabeba maji ndoo ishirini, nimemsamehe. Wazee wakasimulia muvi za baba badala ya kulia. Pilau nimepakua mimi. Lilikuwa zuri, sisemi kwa kujisifu.

Jioni nimemkanda Bibi miguu. Nikamwambia, "Bibi, ukienda huko uniite mara mbili, nisije nikakunyamazia." Akanipiga kofi la kichwa. Dogo, la mgonjwa. "Mjinga weye. Nimewahi kukuita mara moja ukaja?"

Jumatano, 20 Novemba

Bibi kafariki. Usingizini. Mama ndiye aliyemkuta.

Jumapili, 24 Novemba

Wageni wameondoka. Mvua imepumzika. Mama kaenda Katonga, kasema akikaa ndani atakufa naye. Sijawasha runinga. Hedifoni nimezirudisha kwenye boksi lake, chaji iliisha siku nyingi, na boksi liko juu ya kabati. Dada Zuhura kanitumia ujumbe anauliza kama mtu mzima alizipenda. Nimemjibu alizipenda.

Saa kumi nilikuwa uani naosha masufuria ya msiba. Masikio yangu matupu, na sabuni tu.

"Sadi."

Kutoka chumbani kwake. Nikasimama na sufuria mkononi, maji yanachuruzika miguuni. Nikauma ulimi. Kuku akapita. Nikasubiri.

"Sadi."

Naam, Bibi. Nimekuja.