Mjomba, Ulichomwambia Mama Kuhusu Misuli Yetu

Mpendwa mjomba,

Nakuandikia nikiwa bwenini, hapa Garsen. Wenzangu wamekwenda kucheza mpira. Unajua mimi si msemaji. Ulipokuwa hai sikuwahi kukushukuru ipasavyo. Labda kwa karatasi nitaweza.

Nakumbuka siku uliyoniona nikiinuka kutoka mkekani, nyumbani kwetu, kijiji cha Hewani. Niliweka mikono sakafuni, kisha magotini, kisha mapajani, nikijisukuma juu polepole. Watu wote walinitazama kwa huruma. Wewe peke yako ukacheka: "Mjomba, ukifika juu niangushie dafu!" Halafu ukashuka kitini mwako, ukainuka vilevile, tena kwa shida kuliko mimi, ili nione kwamba tuko wawili.

Kabla ya hapo, baba alidhani miguu yangu imelegea kwa uvivu. Kila asubuhi alinikimbiza kwenye mchanga wa mto ili niimarike, na mimi nikazidi kuangukaanguka. Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyojua. Ni wewe uliyemwambia, "Shemeji, misuli hii ukiichosha kupita kiasi haijengeki, inachakaa. Mwache atembee, apumzike, atembee tena." Ukanifundisha kuegemea ukuta na kunyoosha kano za visigino zisikaze. Ukanitafutia kiti kirefu, kwa kuwa kigoda hunitesa wakati wa kuinuka.

Kisha daktari wa Malindi akatueleza kwamba ugonjwa huu ni wa kurithi: mama huweza kuubeba bila mwenyewe kuumwa, na mwanawe wa kiume akaugua. Tangu siku hiyo mama alijilaumu. Akaacha kwenda kwaya. Akaacha hata kula nasi. Mjomba, hofu niliyokuwa nayo juu ya miguu yangu ilikuwa ndogo. Niliona ninampoteza mama.

Ndipo ukaja, umepakiwa kwenye baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Dada," ulimwambia, "mimi niliupata kwa marehemu mama yetu. Umewahi kunisikia nikimlaumu?"

"Hapana."

"Basi wewe nani akulaumu? Haya, pakua. Nimetoka mbali."

Mama alilia, kisha akapakua. Siku hiyo alikula nasi.

Baada ya yale mafuriko ya mto, moyo wako, nao ni msuli, ulichoka, ukatuacha. Mimi bado natembea, taratibu. Mgongo wangu umeanza kubonyea, na ngazi za maktaba napanda nikishikilia ukuta. Moyo wangu hupimwa kila likizo, kama ulivyomsisitizia baba. Nimejifunza pia kuomba msaada, ingawa bado naona haya.

Likizo iliyopita mama alikuwa akininyoosha mguu, mara akasita. "Baba," aliniita, "niambie kweli. Huna kinyongo na mimi?"

Hukuwepo kunijibia. Nilitazama chini, nikasema, "Mama, ugonjwa nimeupata kwako. Lakini hata mjomba nimempata kwako."

Alijifuta uso kwa leso.

"Lete na mguu wa pili," akasema.

Ahsante, mjomba. Kama huko uliko umeonana na bibi, mwambie hata yeye hatuna neno naye.

Mimi akupendaye,
Mpwa wako