Mhariri Alimtaka Binti wa Kaka Yangu, Nikasema Hataki

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba uwe mwepesi kunijibu kwa sababu daktari ameacha kunitajia miaka, sasa ananitajia wiki, na mimi nilifundisha fizikia miaka ishirini na sita, najua mtu anapobadilisha kipimo ana maana gani.

Wasomaji wako wa rika langu watanikumbuka kwa jina la Bi Waya. Kwa miaka kumi na tisa niliandika ukurasa wa teknolojia katika gazeti la Jumamosi, na nilijulikana kama mama mtu mzima asiyedanganyika: nilifungua simu mpya kwa bisibisi kabla ya kuisifu, nilipima betri kwa saa ya ukutani badala ya kuamini maandishi ya kwenye boksi, nikawaambia watu wazi kwamba filamu uliyoilipia mtandaoni ukaambiwa ni yako, kisha kampuni ikaifuta bila kukuuliza, hukuinunua, uliazimwa tu. Maneno hayo ni yangu na nayasimamia mpaka leo, hata tableti hii ninayoiandikia kwa kidole kimoja niliikosoa ilipotoka kwa sababu ya kitufe chake cha sauti, na bado kitufe hicho ni cha kijinga.

Lakini kilichonipa jina hakikuwa simu wala betri, kilikuwa gemu. Watu walishangaa mwanamke wa miaka hamsini na kitu anaelewa gemu za kwenye runinga kuliko watoto wao, wakakata makala zangu wakazibandika ukutani, na kuna sentensi moja iliyochapwa mpaka kwenye kalenda: "Gemu nzuri inakuacha ukosee, kisha inakuonyesha ulipokosea bila kukucheka." Mshauri, sentensi hiyo si yangu. Sijawahi kumaliza gemu hata moja maishani. Picha zikianza kukimbia kwenye kioo napata kizunguzungu, dakika tatu ni nyingi, ya nne natafuta beseni, na nilijaribu kukaa mbali, nikajaribu miwani, nikajaribu kunyonya limau, wapi.

Aliyekuwa akicheza ni binti wa kaka yangu, aliyekuja kukaa kwangu akiwa na miaka kumi na saba, akisubiri matokeo ya mtihani, na matokeo yakaja hayatoshi chuo. Alikaa kwenye zulia, mgongo kwenye kochi, anacheza huku anasema, nami niko nyuma yake nimeutazama ukuta, naandika. "Shangazi, hawa wametuletea mlango uleule, wameupaka rangi tu." "Shangazi, hii si gemu, hili ni duka, kila ukikwama linakuuzia panga." Nilicheka, nikaandika, Jumamosi ikifika jina langu liko juu. Hilo yeye alilijua na hakulalamika, aliona ananisaidia, na kama kosa lingeishia hapo nisingekusumbua.

Mwaka wa tano mhariri alikuja nyumbani na mpiga picha ili anitoe gazetini nikiwa nacheza. Nikasingizia mkono unauma, nikamwambia binti ashike yeye kile kidude cha kubonyezea, aonyeshe. Alionyesha saa nzima. Mhariri alisahau chai yake, mpiga picha alisahau kamera. Kesho yake mhariri akanipigia: "Mwalimu, yule binti aje Jumatatu. Nampa nusu ukurasa, jina lake na picha yake." Nikamjibu papo hapo, hata mate sikumeza: "Nimemuuliza, hataki. Ana haya, na baba yake hapendi mambo ya magazeti." Jioni binti akaniuliza, "Shangazi, yule mhariri alisemaje?" Nikamwambia, "Kasema unajua kuongea, ila wanachukua wenye shahada tu." Akacheka, akasema, "Basi shangazi, tuendelee hivihivi." Tukaendelea hivihivi miaka kumi na minne, mpaka nilipoacha kuandika.

Sasa ana miaka arobaini na moja, yuko kwenye duka la fotokopi, anawachapia watu barua zao za kuomba kazi, na akitoka huko ndiye anayeniogesha, kunilisha na kunigeuza kitandani. Gazeti linataka kutoa kitabu cha makala zangu kabla sijafa, na anayezichapa upya ni yeye, wakati wa mapumziko yake ya mchana. Wiki iliyopita alikuja na kurasa, akakaa ukingoni mwa kitanda, akacheka: "Shangazi, hii ya mlango uliopakwa rangi si nilikuambia mimi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ningesoma na mimi, labda ningekuwa kama wewe." Halafu akanipangusa mdomo.

Tangu siku hiyo nimeamua kwamba atajua, na hilo sikuulizi. Nimemweleza kaka yangu, naye akashika kichwa: "Dada, umechanganyikiwa? Mtoto akisusa, nani atakugeuza? Mimi na mgongo wangu huu?" Ninachokuuliza ni namna ya kusema. Nimeandika barua ya kurasa sita, nimeifunga, nimeandika juu yake ifunguliwe baada ya maziko, lakini moyo unaniambia huko si kuungama, na upande mwingine naogopa, sikufichi, naogopa kufa nikiwa peke yangu chumbani. Nimwambie sasa, akiwa ameshika kijiko changu, au nimwachie barua? Chapa jina langu la gazetini. Sitaki kujificha tena.

Bi Waya

JIBU

Bi Waya,

Pole kwa maumivu, na pole hiyo ni ya dhati, maana nilikuwa msomaji wako. Sasa nivumilie.

Hiyo barua ya kurasa sita ichane leo. Unataka kusema jambo mahali ambapo hakuna wa kukujibu, na wewe ulishamnyima huyo binti nafasi ya kujibu. Aliulizwa swali, ukalijibu wewe. Ukimwachia barua atabaki na hasira isiyo na pa kwenda, huku waombolezaji wanamshika mkono na kumwambia shangazi yake alikuwa mtu mwema kiasi gani.

Halafu kuna kitu hakimo kwenye barua yako. Kizunguzungu umenieleza mpaka limau, lakini kwa nini ulimdanganya? Hapo umepita kimya, mwalimu mzima! Nakusaidia: ulimwonea wivu. Ulimwona mhariri amesahau chai yake, na akiwa nawe hakuwahi kuisahau. Binti akikuuliza kwa nini, na atauliza, mjibu kwa neno hilo moja. Usithubutu kumwambia ulikuwa unamlinda. Na mkataze kaka yako kumwita mtoto. Mwanamke wa miaka arobaini na moja anayekuogesha si mtoto, na ndiyo sababu anastahili kuambiwa machoni.

Anza na simu kwa gazeti. Waambie wasimamishe kitabu mpaka watakaposikia kutoka kwake, si kwako. Najua utatamani kumwekea jina lake kwenye jalada kama zawadi. Usifanye hivyo. Safari ile uliamua kwa niaba yake, na sasa unakaribia kurudia, tofauti ni kwamba safari hii unajiona mwema. Pengine atakitaka kitabu, pengine atataka kikatwe vipandevipande. Pengine atasema anataka ile nusu ukurasa yake. Kuandika bado anaweza, gemu mpya zinatoka kila wiki, na anayezisema kama yeye simwoni.

Kabla hujafungua mdomo, tafuta mtu mwingine wa kukuhudumia. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo ulilolisahau kwa sababu ya woga wako. Ukimwambia wakati yeye ndiye pekee wa kukulisha, utakuwa umemfunga kamba: atakasirika, na saa ya chakula itambidi arudi na bakuli. Huko si kuungama, huko ni kumtesa mara mbili. Lazima awe na uwezo wa kutoka, kubamiza mlango na kulala kwake bila kuwaza nani atakugeuza. Huyo kaka yako mwenye busara nyingi aje, na mgongo wake huohuo. Ni binti yake aliyeibiwa, na jina lake yeye ndilo ulilolitumia kumdanganya mhariri. Akilalamika, msomee aya hii.

Ukishapata mtu, mwite binti mchana, aombe ruhusa dukani siku hiyo, aketi. Sema sentensi nne: Mhariri alikutaka. Nilimwambia hutaki. Wewe nikakuambia wanataka shahada. Nilidanganya. Usitangulize ugonjwa wako, na machozi yako yasiwahi yake. Msamaha usiuombe siku hiyo. Mtu anayeombwa msamaha na mgonjwa kitandani hana nafasi ya kukataa, nawe usimnyime hiyo nafasi. Akitaka kukupa, atakupa bila kuombwa. Asipokupa, utakufa bila msamaha wake lakini bila uongo wako, na hiyo si haba.

Umesema nichape jina lako, nimekubali. Jibu hili nakutumia leo Jumatatu kwenye tableti yako, na gazetini litatoka Ijumaa. Una siku nne, na sitakuongezea hata moja, kwa sababu ukiongezewa utaandika kurasa nyingine sita. Akija kulisoma humu kabla hujamwambia, hiyo itakuwa ni mara ya pili mambo yake kuamuliwa na watu wengine akiwa hayupo.

Unaogopa kufa peke yako. Nakuelewa. Lakini akibaki kwa sababu hajui, hapo uko peke yako tayari.

Basi mpigie mhariri asubuhi hii, kisha kaka yako. Na ukishamaliza sentensi ya nne, nyamaza. Atakachosema, kiwe kirefu, kiwe kikali, kisikilize mpaka mwisho. Usikiandike popote. Hicho ni chake.